Frigo Iliyomwangukia Marcellin

Jumatatu, 13 Oktoba. Newburg, Louisville.

Mama Leya ameniibia tena, mimi Nzigire! Yeye yuko Manchester, Uingereza, mimi niko hapa Marekani, bahari nzima katikati, na bado mkono wake unafika. Wote wawili tunaandika riwaya, sura kwa sura, tunawatumia wasomaji kwa simu. Sura yangu ya tisa: mjane anaficha barua ndani ya mfuko wa unga. Yake ya kumi na mbili: mjane, barua, mfuko wa mchele. Mchele! Nimehesabu mifanano kumi na saba. (Mimi nimechukua kwake minne tu. Hiyo inaitwa athari ya kifasihi.)

Jumamosi kuna konvensheni ya akina mama, Columbus. Riwaya moja tu itasomwa, mbele ya watu mia tatu. Mama Mukashyaka, mkuu wa kamati, bado hajachagua. Mimi nilijifunza kuandika peke yangu, kwenye mapumziko ya kazi ghalani, dakika thelathini kwa siku, miaka sita. Yule wa Manchester ana mume anayempikia.

Jumanne, 14.

Mtego! Nimeandika jambo ambalo binadamu mwingine hawezi kulifikiria: Marcellin, shujaa wangu, anapita chini ya jengo, frigo, friji nzima, inamwangukia kutoka ghorofa ya tatu. Hajitambui. Frigo ikitokea Uingereza, mwizi nimemshika.

Na kwa kuwa kamati inapenda wasomaji wengi, nimetuma sura pia kwenye kundi la maombi la akina mama wa Buffalo. Binamu yangu aliniingiza humo zamani, sijawahi kusema neno. Watu themanini na sita! Sura inaanza: “Wapendwa, Marcellin amelazwa.” Inashika moyo kabisa.

Jumatano, 15.

Bon. Kuna tatizo dogo. Mama Kanyana, kiongozi wa maombi, amepiga simu kutoka Bailey, Buffalo, analia. Ameuliza Marcellin ni wa ukoo gani, hospitali gani, watoto wake wanalala kwa nani. Nikasema watoto hawajambo. Kumbe wameanza kufunga siku tatu, kavu, hata maji hawanywi. Bibi mmoja mwenye sukari amekatazwa, amenuna.

Nilitaka kusema ukweli. Kisha nikapiga hesabu: watu themanini na sita hawali kwa sababu ya sentensi zangu. Nani Uingereza amefikia hapo? Nikasema asante mama, endeleeni.

Ijumaa, 17.

Frigo imefika Manchester! Sura mpya ya Mama Leya: mwanaume, jengo, frigo. Ghorofa ya tano, eti ameongeza mbili. Hata jina hajabadilisha, Marcellin! Ila wake ameamka, ameketi kitandani, ameomba ugali.

Mtu ameipeleka sura hiyo Buffalo. Wao wameelewa kwamba Marcellin alihamishiwa Uingereza, akapona. Vigelegele vya dakika nne, nimevisikiliza vyote. Mama Kanyana anasema Mungu ni mwaminifu, na mbona niliwaficha habari za ndege?

Jumamosi, 18. Columbus.

Akina mama arobaini wa Buffalo, masaa matano barabarani, vitenge sare. Wakapanda mbele kumtolea Marcellin ushuhuda. Ukumbi wote ukasimama. Nikaona nikinyamaza, mwizi atasomwa. Nikapanda na karatasi yangu, mifanano sasa kumi na minane. Nikatangaza kwamba Marcellin ni wangu, nimemtunga mwenyewe, ghalani.

Mama Kanyana akauliza polepole: donc, yaani huyo mtu hayupo? Nikamjibu yupo, sura ya kwanza hadi ya ishirini na mbili. Akasema siku tatu, Nzigire. Siku tatu bila hata chai. Mama mmoja wa nyuma akapaza sauti kwamba frigo ilikosea kichwa.

Mama Mukashyaka amechagua riwaya ya Mama Leya. Sababu: wake anaamka.

Jumapili, 19. Newburg.

Buffalo wamenitoa kwenye kundi. Mama Leya ameandika, asali tupu: dada yangu, kuandika nimejifunza kwako, chukua na wewe chochote changu. Basi nimemchukua mjane wake, Umurerwa, pamoja na mimba yake ya miezi tisa. Huu si wizi, ni ruhusa. Sura yangu mpya: theluji, uchungu umeanza, gari haiwaki.

Kosa langu lilikuwa moja tu: Buffalo ni wachache. Columbus kuna kundi la maombi la wanaume, mia moja na arobaini, jana hakuwepo hata mmoja. Nimewatumia sura sasa hivi. Amina thelathini na moja tayari, na mzee mmoja anauliza alete gari mlango gani.