Ombi la Kutenganishwa na Mama Mkwe Kilimanjaro

Lizaboni, Songea.

Ndugu Calvin,
Kiongozi wa Safari yetu ya Mlimani,
Moshi.

Salaam kutoka Songea, ambako mahindi yanapendeza na sisi sote tu wazima, isipokuwa mimi kidogo.

Kama unavyokumbuka, nilijiandikisha kupanda Kilimanjaro na mke wangu, Noela. Baadaye Mungu akatujalia, Noela akapata ujauzito, daktari akamkataza milima. Nilidhani nafasi yake imekufa. Kumbe amempa mama yake mzazi, Mama Skolastika, mkulima wa Madaba, bila kuniuliza. Nawe ukampokea bila kuniuliza. Kwa heshima zote naleta malalamiko yafuatayo:

1. Katika mpango wa malazi ulionitumia, kwenye kibanda cha kwanza tumewekwa chumba kimoja, kitanda cha dabo deka: mama chini, mimi juu. Ndugu Calvin, kwetu mkwe hata kiti alichoinuka mama mkwe hakikalii. Leo nilale juu yake, kila nikijigeuza mbao zilie? Nikikoroma usiku kucha, asubuhi nitamwamkia kwa uso gani?

2. Jumamosi tulifanya mazoezi kwenye milima ya Matogoro. Mimi nilivaa viatu vipya vya mlimani. Yeye alivaa raba za shambani na kitenge. Hatujafika mbali akawa haonekani tena. Nilimkuta juu ya jiwe anakula kiazi. Akaniambia, "Pumzika, baba, mlima hauhami." Wakati wa kushuka alichukua begi langu akajitwika kichwani, tukapita nalo hivyo hivyo katikati ya Lizaboni. Wateja wanaokuja dukani kwangu kununua misumari bado wanauliza kama begi lilifika salama.

3. Hili ndilo zito. Nilimuuliza anatafuta nini huko kwenye baridi. Akasema marehemu mume wake, Mzee Bartolomeo, alifanya kazi Moshi ujanani, na maisha yao yote ya ndoa alimsimulia kwamba mtu akifika kileleni machozi humtoka yenyewe, hata awe mgumu namna gani. "Nakwenda kuona kama yule mzee alinidanganya," alisema. Sasa fikiria mwenyewe. Kama ni kweli, mama mkwe atalia mbele yangu. Baya zaidi, mimi nitalia mbele yake. Mpango wako una chai, supu na mitungi ya oksijeni, lakini kwa jambo hili hauna kitu.

4. Kwa hiyo naomba yeye apandie njia ya Machame, mimi Marangu. Ikishindikana, mwandikie kwamba ana presha, ingawa zahanati imempima na kumkuta mzima kuliko mimi. Hilo nalo likishindikana, mtangazie kwamba mlima umejaa.

Nakushukuru kwa muda wako. Nisalimie wapagazi wote, mpishi, familia yako, na mlima wenyewe ukiutazama asubuhi.

Wako mwenye kuheshimu wakwe,
Anord Komba.

NB: Barua hii ilikuwa bado mfukoni Noela aliponiambia kwamba mama yake amejitoa. Amesema ameona mkwe wake hana raha, na mlima si kitu cha kugombania. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilifunga duka, nikapanda basi la Madaba. Nilimkuta shambani anapalilia. Nikamwamkia, nikachukua jembe la pili, tukalima muda mrefu. Mwisho nikamwambia ukweli: bila yeye sitafika hata kwenye kibanda cha kwanza. Akacheka mpaka akaegemea jembe.

Amekubali kwa sharti moja: mimi nitangulie, yeye awe nyuma yangu, ili nikianguka aone. Kwa hiyo usimwondoe. Na wewe utakayekuwa mbele yangu, tafadhali tembea polepole sana.