Koti la Waziri wa Mambo ya Katikati

Wananchi watukufu walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, ni marufuku mtu kushughulika na mwenzake moja kwa moja. Shughuli zote za fedha, biashara na diplomasia zingepitia kwa dalali mwenye leseni, aliyeketi katikati.

Tangazo lilisainiwa na Waziri wa Mambo ya Katikati, na nchi ikapaa. Kuuziana mkate, kazi ya watu wawili kwa dakika moja, sasa kuliajiri watu wanne asubuhi nzima. Maendeleo hayo.

Mama Pindo, fundi cherehani, alikuwa mwepesi wa mdomo, na mdomo ulishamponza mara mbili. Onyo la kwanza, alimwambia mteja "karibu." La pili, mteja alipiga chafya, naye akasema "afya." Onyo la tatu lingekuja na gari la kubebea cherehani, ileile iliyosomesha wanawe watatu. Kwa hiyo Waziri alipoingia kushonesha koti la kusainia mkataba na nchi jirani, Mama Pindo aliuma uzi akatulia tuli.

"Mwambie fundi anipime," Waziri alimwambia dalali wake, kijana mwembamba aliyeitwa Njiti, aliyekuwa ameshakalia kigoda cha katikati.

"Mama, Mheshimiwa anataka kupimwa."

"Mwambie asogee."

Mkaguzi wa serikali, aliyekaa mlangoni kusimamia sheria hiyo, akakohoa. "Kupima ni kushughulika. Kifungu cha tisa. Anapimwa dalali."

Waziri, aliyekiandika kifungu cha tisa kwa mkono wake, alivimba kwa fahari. Njiti akanyoosha mikono. Mama Pindo akampima kifua, mabega na kiuno. Kisha akalitazama tumbo la Waziri, lililotangulia kuingia dukani kabla ya mwenyewe.

"Njiti, hebu muulize kama ana uhakika."

"Mheshimiwa, fundi anauliza una uhakika?"

"Mwambie serikali haibahatishi!"

Mama Pindo akaitazama cherehani yake. Akashona.

Siku ya kusaini, katika chumba cha nyuma cha ukumbi, koti lenye vifungo vya dhahabu lilifika kwenye viwiko vya Waziri likagoma. Wasaidizi wawili walivuta, wa tatu akasukuma.

"Toa pumzi, Mheshimiwa."

"Nimeshatoa zote!"

Kulikuwa na tatizo dogo la kikanuni. Waziri mwenyewe alikuwa ameagiza kwamba mwenye koti ndiye nchi. Asiye na koti ni mtazamaji. Na mgeni kutoka nchi jirani alishaketi mezani.

"Njiti, livae wewe. Kwa muda tu."

"Kwa muda, Mheshimiwa," Njiti alisema, na koti likamkaa kama alizaliwa nalo.

Njiti akasaini. Wakapiga makofi, mgeni akamkumbatia. Waziri, akiwa na shati lililolowa kwapani, alitaka kwenda mezani. Mkaguzi wa ukumbini akamzuia kwa adabu.

"Mzee, pitia kwa dalali."

"Dalali wangu ndiye yule pale!"

"Basi subiri. Ana shughuli za kitaifa."

Jumatatu iliyofuata, ofisi ikakabidhiwa mwenye koti, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja: cheo hukaa ndani ya koti. Mwandishi wa kifungu hicho alionekana dukani kwa Mama Pindo bila gari, bila dalali, ameshika suruali iliyopasuka nyuma.

"Mama, nakuomba sana. Kesho naitwa mbele ya kamati kujitetea, na suruali ya heshima ni hii tu. Nitie kiraka. Hata mshono mmoja!"

Mama Pindo alitazama mlangoni. Mkaguzi alikuwa palepale, kalamu mkononi. Akaipapasa cherehani, akakiinamia kigoda kitupu cha katikati, akakiambia kwa upole wote:

"Mwambie mteja karibu."

Kisha akaendelea kushona nguo ya mtu mwingine.