Wito Juu, Wito Chini

Jumatatu, 3 Machi
Daktari, mkuu wetu wa maabara, ametangaza kwamba Ijumaa mmoja wetu atapima dawa mpya ya saratani. Mimi au mwenzangu tunayemwita Miwani. Miwani! Mtu anayenawa mpaka vidole vinakunjamana! Shemeji yangu amelazwa, ana saratani ya damu. Nimeshamwambia mke wangu kwamba mpimaji ni mimi. Si uongo. Nimewahi tu.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi. Kisahani cha ngazi mbili, katikati utando wenye vitundu. Juu seli nyeupe za damu, chini kemokini, kemikali ya kuziita. Nikachungulia kwenye hadubini. Mungu wangu! Seli haina jicho wala pua, ina vipokezi tu juu ya ngozi yake, vya kunasa wito, lakini njia inaijua. Ikajikunja, ikajipenyeza kwenye tundu dogo kuliko yenyewe, ikatokea chini. Nilisahau chai. Seli za saratani nazo hivyo hivyo. Daktari anasema hufuata wito huohuo hadi kwenye uboho, ndani ya mifupa, zikajificha humo dawa zisizipate. Nywele zilinisimama.

Alhamisi, 6 Machi
Seli za Miwani zilivuka nyingi kuliko zangu. Bahati tu. Nikapiga hesabu zangu: nitie wito chini na juu pia. Zikiitwa mara mbili, zitakimbia mara mbili!

Hazikuvuka. Zilihangaika hapohapo juu. Daktari alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema wito ukiwa sawa pande zote, seli haijui iende wapi. Miwani akaongeza kwamba mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Niliumia. Lakini kitu kidogo vile, kinapima mbele na nyuma! Nilistaajabu hata kununa nikashindwa.

Ijumaa, 7 Machi
Alipima Miwani. Mimi nilishika saa. Dawa iliziba vipokezi vya seli za saratani. Wito ukaita, zisisikie. Zikabaki juu, hazina pa kujificha. Machozi yalinitoka. Miwani akanipa leso, safi kupita kiasi.

Jioni mke wangu aliuliza kaka yake ataipata lini. Nikamwambia ukweli wa Daktari: bado sana, huenda miaka. Akaendelea kumfungashia kaka yake uji wa wodini. Nikamshikia chupa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemsimulia shemeji wodini. Akasema kumbe hao wageni wake wa damuni wana akili kuliko mimi. Tukacheka mpaka nesi akaja.

Lazima jaribio lijalo liwe langu. Mpango ninao: ombi moja mezani kwa Daktari, jingine mlangoni, jingine kwenye friji, jingine mfukoni mwa koti lake. Akiitwa kutoka kila upande, ataachaje kuja?