Samaki wa Maji Baridi

Jumatatu, 7 Juni 1954

Siku njema kabisa! Bwana Samaki, Mzungu wa idara ya uvuvi, amefika bomani na lori lake. Pamoja naye msaidizi wake, Mbwana, mtu wa Pangani, kanzu safi, Kiswahili kinateleza kama sabuni. Wameshusha vyombo viwili: sanduku la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, na nusu ya pipa la mafuta. Watarudi baada ya wiki mbili na vifaranga wa perege, ili watu wa Singida waone samaki hai kwa macho yao kabla ya kuhimizwa kuchimba mabwawa. Na atakayeandaa chombo vizuri zaidi atapewa kazi ya kutunza bwawa jipya la Kinampanda.

Kinampanda! Moyo uliruka. Luciana, mke wangu, amelala huko. Alikwenda kumuuguza mama yake, akaugua yeye, tukamzika kwao. Kutoka hapa mpaka kaburini ni lori, kisha miguu, kisha ruhusa ya Bwana Mkubwa, na ruhusa ndiyo ngumu kuliko yote. Nikipata bwawa hilo nitapita kila asubuhi nimpe habari za mjini. Alipenda sana habari.

Tulijitokeza wawili. Mimi, karani wa stoo. Na Gasto, tarishi. Nilimnong'oneza Mbwana kwamba Gasto ndiye aliyevunja kioo cha taa ya ofisi. Ni kweli tupu, ingawa mimi ndiye niliyemwita ghafla. Nikapewa sanduku. Gasto akapewa pipa. Hakunung'unika. Hana akili ya kunung'unika.

Mbwana akatueleza. Samaki hawa, alisema, ni wa maji baridi. Tuoshe kokoto, tupande majani, tujaze maji baridi, kisha tuyaache. Alitaka kuendelea. Nikamwambia asijichoshe, nimeelewa. Luciana alikuwa akisema, "Baba Lea, wewe huelewa kabla hujaambiwa." Sijapata kusifiwa vile na mtu mwingine.

Jumanne, 8 Juni

Maji baridi. Yatoke wapi? Maji ya boma huletwa na lori katika mapipa, yanafika vuguvugu kama mate. Gasto ameyamwaga hivyo hivyo katika pipa lake. Masikini.

Mimi nimepata jibu jikoni kwangu. Mtungi wa Luciana! Alikuja nao siku ya harusi yetu, ameupakata njia nzima kutoka kwao, hakumwachia mtu. Tangu aondoke nimekuwa nikinywa maji ya birika. Leo nimeusugua, nimeuweka kivulini, nimeujaza. Kufika mchana maji yakawa yanauma meno! Ukingoni mna pengo dogo alipougonga kwa kata siku tuliyobishana kama Lea apelekwe shule. Lea alikwenda shule. Nililiwekea kidole gumba pengo lile, nikakaa kidogo. Kisha nikarudi kazini.

Kokoto nimeziosha kwa sabuni, tena na tena, mpaka zikatoa povu zenyewe. Zinang'aa. Daktari angeweza kuzitumia.

Alhamisi, 10 Juni

Maendeleo makubwa. Sanduku nimelizungushia magunia yaliyoloweshwa. Nimeliweka dirishani upande wa mashariki, upepo wa Juni ulipige. Upepo wa Singida mwezi huu unawavua watu kofia. Serikali inautumia bure.

Maji nabadilisha asubuhi na jioni. Mbwana alisema tuyaache. Alikuwa na maana tusiyanywe.

Gasto alitupa kokoto zake ndani bila sabuni, akachomeka magugu ya lambo pamoja na mizizi na udongo wake, akaenda kucheza bao. Maji yake ni rangi ya chai. Alipopita dirishani kwangu akauliza, "Bwana Stoo, unahifadhi maiti humo?" Wote barazani wakacheka. Nilimjibu kwamba tutaonana Kinampanda, yaani hatutaonana.

Jumapili, 13 Juni

Shemeji Hana, mdogo wake Luciana, amekuja kutoka Unyambwa, alikoolewa, na ugali wa uwele na mlenda. Huja kila baada ya ibada kuangalia kama nakula. Nilimpeleka ofisini aone kazi yangu. Akatia kidole majini, akakitoa mbio, akakipuliza.

Akauliza nani alisema yawe baridi hivi. Nikamwambia mtu wa Pangani, mwenye kujua. Akasema, "Shemeji, kwani hao si vifaranga? Nani aliona vifaranga wakipenda baridi? Na lambo la mjomba kule kwetu, mchana maji yake ni kama ya kumwogeshea mzazi. Perege wamejaa tele!"

Nilimwambia kwa upole kwamba mambo ya Serikali ayaachie Serikali.

Tuliporudi nyumbani akauona mtungi. Akaufuta ukingo kwa upindo wa khanga, palepale penye pengo. Kisha akasema, "Dada angekucheka." Nikakubali. Kwa furaha, bila shaka.

Jumatano, 16 Juni

Majani yangu yamekufa. Yamekuwa meupe, yanateleza. Nimeyatoa. Mahali pake nimefunga vipande vya kitambaa cha kijani kutoka stoo, kila kimoja na jiwe la kukizamisha. Ukisimama mlangoni huwezi kujua. Samaki ataweza? Samaki hajasoma.

Lakini Gasto ananitia wasiwasi. Bwana Shamba alipita, akachungulia pipa, akasema "Hm." Kwangu hakusema kitu. "Hm" ya Bwana Shamba si jambo dogo. Hivyo Gasto alipopelekwa posta na mfuko wa barua, nilikwenda lamboni wanakonyweshea ng'ombe, nikachota ndoo ya tope, nene, jeusi, lenye harufu. Nikaimwaga yote katika pipa lake. Mungu anisamehe. Ilikuwa kwa ajili ya Luciana, na yeye pia atanisamehe, ingawa atachelewa zaidi.

Ijumaa, 18 Juni

Gasto amekwisha! Tope limetuama, maji yameanza kuwa maangavu, na ndani yake, wadudu! Vidudu vidogo vinarukaruka kila mahali. Magugu yake yametoa majani mapya, kama shamba lililotupwa. Aibu tupu. Kwangu hakuna mdudu hata wa dawa. Nimefunika sanduku kwa gunia jingine na kuongeza maji ya mtungi. Nimemwomba Gasto radhi kimoyomoyo. Mshindi anaweza kuwa mpole.

Jioni nimepiga pasi suruali ya kwendea Kinampanda.

Jumatatu, 21 Juni

Ngoja niandike polepole.

Lori limefika asubuhi, vifaranga wakiwa katika madebe. Boma zima likakusanyika, hata wafungwa waliokuwa wakifyeka majani waliacha kufyeka. Nilivua magunia mbele ya watu. Kioo kikang'aa! Watu wakasema "Aaa!" Hiyo nitaikumbuka daima.

Mbwana akatia mkono majini.

"Lahaula! Mtu amekufa humu?"

Bwana Samaki akatia kipimajoto chake, akakisoma, akakigonga kwa kidole, akakisoma tena. Mbwana akauliza nani aliniambia niwafanyie viumbe hawa ukatili huu. Nikamwambia, ni wewe. Ulisema maji baridi, haya hapa maji baridi, hakuna baridi kuliko haya kutoka hapa mpaka Kondoa!

Alinitazama. Kisha akakaa chini, na kanzu yake nyeupe, juu ya udongo, akacheka mpaka machozi. "Ndugu yangu! Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi! Ya mto! Ya kisima! Kwetu kuna maji ya bahari na maji baridi, basi!"

Maji yasiyo na chumvi! Na sisi hapa mjini tuna ziwa Singidani, lina chumvi mpaka ng'ombe wanalilamba, na asubuhi lina baridi ya kukata vidole. Nilimweleza hivyo. Alicheka upya. Bwana Samaki akataka atafsiriwe. Akatafsiriwa. Akacheka yeye. Wafungwa wakacheka bila kutafsiriwa.

Walijaribu vifaranga wawili tu kwangu. Walilala ubavu kama vijiko. Mbwana aliwachota haraka, akawatia katika pipa la Gasto, nao baada ya muda wakatikisa mikia, wakaanza kukimbiza vidudu. Waliobaki wakamiminwa humo humo. Sherehe kwelikweli. Mbwana akamuuliza Gasto amefanyaje mpaka maji yakakomaa vizuri namna ile, na tope lile zuri la lambo, lenye chakula cha samaki tele, alilitoa wapi. Gasto akasema hajui, labda ni Mungu.

Nikaokota magunia yangu, nikaanza kuyakunja.

Gasto amepewa Kinampanda. Jambo la kwanza aliuliza kama huko kuna wacheza bao.

Jioni alikuja mlangoni kwangu. Nilidhani amekuja kunicheka, nikawa tayari na maneno. Alivua kofia, akasema amesikia kuwa mke wangu yuko kule, na kwamba kila Jumamosi ataling'olea kaburi majani, na atamsalimia kwa jina langu. Nikamwambia asitumie jembe, ang'oe kwa mkono, kwa sababu nilipanda maua upande wa kichwani. Akasema sawa. Nikampa maji ya mtungi akanywa. Akasema ni matamu.

Jumatano, 23 Juni

Nimetafakari. Kosa ni la Mbwana. Mtu akitoka pwani aseme Kiswahili cha watu wote. Mimi nilifanya kila kitu sawasawa.

Lakini mambo yamegeuka! Kabla lori halijaondoka, Mbwana, ambaye bado alikuwa akijipangusa macho, aliniambia kwa siri kwamba Bwana Shamba anatafuta mtu wa kufuga bata mzinga. Wapi? Kinampanda! Ng'ambo tu ya bwawa la Gasto! Alianza kunieleza bata mzinga ni nini. Nikamkatiza. Mtu wa Pangani anifundishe mimi mizinga? Sisi huku tumezaliwa chini ya mizinga ya nyuki, babu yangu alitundika mingi kuliko mtu yeyote Ilongero.

Nimekwisha kwenda kwa Ezekieli mchongaji na kuagiza mizinga mikubwa, milango yake mipana, bata apite na mabawa. Ezekieli aliuliza bata atapandaje juu ya mti. Nikamwambia jambo dogo, tutaweka ngazi. Shemeji Hana alikuwapo. Alifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika. Analia kwa kuwa nahamia kwao, nadhani.

Mtungi nimeurudisha mahali pake pa zamani, karibu na mlango wa jiko. Nakunywa humo sasa. Utakwenda nami Kinampanda, nitaupakata njia nzima.

Limebaki jambo moja tu ambalo sikumwacha Mbwana alimalize, nalo nitaligundua mwenyewe: asali ya bata huvunwa mwezi gani?