Vita vya Fundi Pindo na Mkanda wa Taimingi

Sogeeni, enyi nyote mliowahi kufungua boneti ya gari, mkaikazia injini macho kana kwamba mnaijua, kisha mkaifunga taratibu bila kugusa kitu. Sogeeni nanyi mnaoongeza sauti ya redio ili msisikie gari linavyolia. Tegeni masikio, wekeni simu kifudifudi, kwa maana leo zinasimuliwa habari za Fundi Pindo, mshona suruali, Mtiisha-Zipu, Mfariji wa Viuno Vilivyonenepa, aliyeingia vitani Jumamosi asubuhi akiwa na fulana iliyotoboka kwapani, dhidi ya mkanda wa mpira usiozidi upana wa vidole viwili. Na asiyejua uzito wa jambo hili asianze kucheka.

Jueni kwamba ndani ya injini mna dola mbili. Dola ya chini ni ya pistoni, zipandazo na kushuka bila kupumzika; dola ya juu ni ya valvu, zifungukazo na kufungwa kwa zamu. Pistoni ikipanda, valvu haina budi kuwa imekwisha kumpisha mwenzake, na anayezipatanisha si mwingine ila mkanda wa taimingi, wenye meno kama msumeno, unaozunguka gia ya juu na gia ya chini. Mkanda ule ukikatika njiani, pistoni na valvu hukutana uso kwa uso, na hapo hapana mwamuzi. Injini nyingi huishia kuuzwa chuma chakavu. Tena mkanda hauugui kwanza ukaagwa. Breki hukwaruza, ekzosi hunguruma, lakini mkanda huu hukaa kimya kama mtu mwenye adabu, hadi siku yake. Ndiyo maana waliolitengeneza gari waliamuru ubadilishwe kila kilomita zikitimia laki moja, au hata kabla, miaka ikiwa imekuwa mingi, kwa kuwa mpira huzeeka hata ukiwa umelala.

Gari la Fundi Pindo lilikuwa limeivuka laki hiyo zamani. Yeye mwenyewe aliiona ikipita kwenye dashibodi, akageuza uso akatazama miti.

Basi ikawa binti yake wa mwisho, aliyeitwa Kitinda na nyumba nzima, akapata kazi ya uuguzi katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa gari. Fundi Pindo akaahidi kumpeleka mwenyewe Jumapili. Ahadi ile ilikuwa imekaa vizuri kifuani mwake hadi Jumatano, pale Shemeji, kaka wa mkewe, mwenye gari jipya linalosema lenyewe ukiacha mlango wazi, alipokuja kula nao.

"Shemeji," alisema huku akijimiminia maji, "mkanda wa taimingi wa hilo gari lako ulibadilisha lini?"

"Mkanda upo," akajibu Fundi Pindo.

"Najua upo. Nauliza ulibadilisha lini."

Fundi Pindo akatafuna muda mrefu kitu ambacho kilikuwa kimekwisha kumezwa.

"Basi mpwa wangu nitampeleka mimi," Shemeji akasema, bila ubaya wowote. "Jumapili asubuhi nipo hapa. Mtoto asije akalala porini."

Mkuki huo ulipenya. Si kwa ajili ya gari, maana gari lake alikwisha kulisamehe mengi. Ni kwamba Fundi Pindo alikuwa akizihesabia moyoni zile saa za barabarani, yeye na binti yake peke yao, kabla hajawa wa wagonjwa na wa mabosi na wa watu asiowajua. Alizitaka saa hizo kuliko alivyotaka kitu kingine chochote mwaka ule. Akainuka, kijiko mkononi.

"Nisikilizeni, enyi wa nyumba hii na jamaa zake! Mkono huu uliotia mpira kwenye viuno vya mtaa mzima, hautashindwa kutia mkanda kwenye injini moja! Jua la Jumamosi halitazama kabla mkanda mkongwe haujalala chini ya miguu yangu!"

"Keti ule," akasema mkewe. "Chakula kinapoa."

Kesho yake akaenda kwa fundi magari wa mtaa, akaukuta uwanja umejaa magari hadi barazani. "Wiki ijayo, mzee wangu," fundi magari akamwambia. "Ukiona lazima ufanye mwenyewe, nunua mkanda pamoja na tensha, ile roda inayoukaza, na pampu ya maji. Vyote viko huko huko ndani, usije ukafungua mara mbili. Na uweke kwa alama za kiwandani, mzee. Jino moja tu likiruka, umezika injini."

Habari ya tensha na pampu aliielewa upesi, maana hakuna fundi nguo mwenye akili atiaye bitana kuukuu ndani ya koti jipya. Habari ya alama akaitikia kwa kichwa, kama aitikiavyo mtu aliyekwisha kuacha kusikiliza.

Jumamosi ikapambazuka. Fundi Pindo akalitoa gari uani, akachomoa waya wa betri, akalipandisha jeki na kulitegemeza kwa vigogo imara, akavua gurudumu la mbele, akamwaga maji ya rejeta kwenye beseni, akavua fanbelti. Majeshi hayo madogo yakasalimu amri. Ndipo akaikabili puli kubwa ya chini, iliyofungwa kwa bolti moja, na bolti lile lilikuwa halijawahi kumtii mwanadamu. Akalisukuma kwa spana, injini ikazunguka nalo. Akalisukuma tena, ikazunguka tena, kama mtoto asiyetaka kuogeshwa.

"Mama Kitinda!" akaita. "Njoo ukanyage breki, ewe nguzo ya nyumba hii! Gari nimelitia gia ya tano. Ukikanyaga, injini itatulia, nami nitampiga adui akiwa amesimama!"

Nguzo ya nyumba ikaja na ungo wake wa mchele, ikaketi kwenye kiti cha dereva, ikakanyaga breki na kuendelea kuchambua. Fundi Pindo akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, akajitundika kwa uzito wake wote. Akajitundika, akashuka, akala kipande cha mkate, akajitundika tena.

"Bado?" mke akauliza.

"Historia haiharakishwi!"

"Mchele unakwisha, baba. Nikimaliza naondoka."

Bolti likalia kwa sauti kali, likalegea. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akaona hapana aliyekufa, akarudi zake.

Kava zikafunguliwa, na hatimaye adui akaonekana. Alikuwa amepasukapasuka mgongoni kama visigino vya msimu wa baridi, na upande mmoja nyuzi zake zilikuwa zimeanza kutoka nje. Fundi Pindo akaushika mkanda kwa vidole. Aliwahi kumpakia Kitinda kwenye gari hilo, na mama yake, na mkanda wenyewe ukiwa huu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akamwona Shemeji kuwa mtu mwenye akili, na jambo hilo likamuuma zaidi.

Akachukua chaki yake ya kushonea, akachora mistari kwenye gia ya juu na gia ya chini na kwenye chuma kilicho nyuma yake, ili ajue kila moja imesimama wapi. Akalegeza tensha, akauvua mkanda mkongwe, akautupa miguuni kama alivyoapa. Akafunga pampu mpya. Akafunga tensha mpya. Kazi ikampendeza; ikakaa sawasawa, imenyooka. Na hapa, enyi wasikivu, ndipo mkono wa fundi nguo ulipomsaliti bwana wake. Kwa maana tangu ujana wake, kazi ikimpendeza, Fundi Pindo huchukua brashi na kufuta chaki yote, ili mteja asione alama hata moja. Akachukua brashi. Akafuta. Akapuliza na vumbi lake.

Akasimama akitabasamu kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha tabasamu likashuka lenyewe.

Akaigusa gia ya juu kwa hofu, nayo, ikisukumwa na springi za valvu, ikaruka kidogo kwa sauti ya *tak*. Sasa hapana aliyejua ilikuwa wapi. Fundi Pindo akaketi juu ya gurudumu lililovuliwa, brashi mkononi.

Kitinda akatoka ndani na simu. "Baba, mjomba anauliza kesho anifuate saa ngapi."

Lo! Jibu la busara, la kumtajia saa, lilikuwa mdomoni tayari. Lakini mdomo ukatoa jingine, tena bila hotuba.

"Nimefuta chaki, mwanangu. Sijui tena gia zinakaaje. Nikikosea, gari limekufa." Akautazama ule mkanda mpya uliokuwa juu ya boksi lake. "Mjomba wako hana kosa. Ila nilitaka nikupeleke mimi. Nilitaka tukae kitako tu, mimi na wewe, safari nzima."

Kitinda akaiambia simu, "Mjomba, nakupigia," akaikata. Akakunja mikono ya blauzi, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akapiga magoti.

"Fundi magari alikwambiaje, baba?"

"Alisema... alama za kiwandani."

"Ziko wapi?"

"Nilikuwa na chaki yangu," akasema Fundi Pindo kwa unyonge.

Binti akasugua gia ya juu kama anayesafisha kidonda, akiondoa grisi ya miaka iliyoganda. Kitambaa cha kwanza kikawa cheusi, na cha pili. "Baba, hapa pana kitobo. Na huku nyuma kwenye chuma pana mchoro." Wakasugua chini pia: kitobo kingine, mchoro mwingine. Watengenezaji walikuwa wametia chaki yao kwa namna isiyofutika kwa brashi, nayo ilikuwa imengoja chini ya uchafu wakati wote.

Fundi Pindo akaingiza spana, akairudisha gia ya juu taratibu hadi kitobo kikalala juu ya mchoro, na ya chini vivyo hivyo. Kitinda akaishikilia ya juu hapo. Mkanda mpya ukavishwa kuanzia chini, ukavutwa upande usio na tensha usibaki umelegea, kisha tensha ikaachiwa iukaze. Lakini hata hapo hawakugusa ufunguo, maana hii ndiyo hekima kuu ya vita hivi: kwanza injini huzungushwa kwa mkono, mizunguko miwili kamili ya gia ya chini, na ikigonga popote, simama, mkono husamehewa lakini ufunguo hausamehewi. Akazungusha. Mama Kitinda naye akatoka nje, wote watatu wakasikiliza. Mzunguko wa kwanza ukapita kimya. Mzunguko wa pili ukapita kimya. Vitobo vikarudi juu ya michoro yake.

"Ziko sawa?" mke akauliza.

"Ziko sawa," akasema Fundi Pindo.

Kava zikarudi, puli ikarudi, bolti likakazwa huku Mama Kitinda akikanyaga breki kwa mara nyingine, safari hii bila mchele. Fanbelti na gurudumu vikarudi, jeki ikashushwa, rejeta ikajazwa, betri ikaunganishwa, na ile gia ya tano ikatolewa. Kitinda akaketi, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikawaka, ikatulia katika mlio wa kawaida kabisa, mlio ambao hapana mpita njia angeugeukia. Hivyo ndivyo injini ya Fundi Pindo ilivyookolewa, na waandike waandishi wa zama zijazo kwamba siku ile hapana jino lililoruka.

Kitinda akampigia mjomba wake. "Mjomba, ahsante sana. Napelekwa na baba."

Jumapili wakaondoka, na Fundi Pindo, Mshindi wa Bolti, Mpatanishi wa Dola Mbili, akaendesha polepole mno. Baiskeli moja iliwapita, mwenyewe akiwasalimu.

"Baba," Kitinda akasema mwishowe, "mkanda una shida?"

"Mkanda hauna neno, mwanangu."

Akapunguza mwendo kidogo tena, akawapisha malori.