Nundu ya Ijumaa

Ijumaa, Machi 1

Siku njema kupita zote! Zamu yangu ya mikate ya Ijumaa. Hapa Odense, Denmaki, kila maabara ina zamu hiyo, na wenzangu huitimiza kwa uvivu: wanamwaga mikate mezani, wanaweka kisu na siagi, kila mtu ajipakie. Mimi sivyo. Nimepaka mwenyewe, mkate mmoja mmoja, siagi ya meno, ile nene ambayo ukiuma alama za meno zinabaki. Profesa Gerda, mkuu wetu, amekula mitatu. Akafuta mdomo, akatangaza kwamba mwezi wa sita maabara itapeleka msemaji kwenye mkutano wa sayansi wa Bergen, kule Norwei. Mmoja tu! Ama mimi, ama Tove Skaarup, aliyekuja hapa juzijuzi na tayari ana kikombe chenye jina lake.

Nikaona macho ya Tove yakielekea mlangoni. Anataka kuwahi sinia la vipimo kule chini, maana liko moja tu! Nikaacha mkate wangu nusu, nikashuka ngazi mbio, nikafika kwanza.

Sinia ndilo roho ya kazi yetu. Unalijaza maji safi, unadondosha juu yake mafuta yale yanayojenga utando wa seli, na molekuli zinasimama zenyewe: vichwa majini, mikia hewani. Kisha vibao viwili vinasogea na kuzibana, kama wageni wa harusi wanaosogezwa ili waenee kwenye picha. Kikaratasi kinachoning'inia majini kinapima msukumo. Mimi natafuta kama dawa yangu ya kuua bakteria inajipenyeza katikati yao. Miaka miwili mstari kwenye skrini umepanda laini, bila habari yoyote. Leo umepanda, ukatulia, ukatoa nundu! Dawa yangu imeingia! Nimeimba kwenye korido.

Jumatatu, Machi 4

Nimerudia. Hakuna nundu. Nimerudia tena. Mstari laini, hauna hata haya. Nimemlaumu Tove, aliyekuwa amesimama karibu akipumua. Akajitetea kuwa watu kwa kawaida hupumua. Kisha akauliza swali lake la kila siku: kama nilibana maji matupu kwanza, kabla ya kuweka kitu chochote, kuhakikisha uso wa maji ni safi. Swali la wanafunzi wa mwaka wa kwanza! Nimemjibu kwamba mimi uchafu nauona kwa macho. Akanisema pia kuhusu glavu. Glavu sivai. Zinanitenga na kazi.

Nimebandika tangazo juu ya sinia: LINAOSHWA, USIGUSE. Litaoshwa mpaka Bergen.

Jumatano, Machi 6

Nundu bado imejificha. Tove amebandua tangazo langu na kufanya kazi asubuhi nzima, glavu mpaka karibu na viwiko. Mistari yake yote imefanana kama mapacha. Inachosha kutazama.

Lakini nimepata mbinu kubwa zaidi. Bergen haiamuliwi na sinia. Inaamuliwa na Gerda, na Gerda anaamuliwa na tumbo. Nimejitolea kuchukua zamu za mikate za watu wote hadi kiangazi! Wenzangu wamenikumbatia. Hata Tove kanipigapiga begani, akasema, "Preben, kumbe una moyo." Maskini. Hajui anachekelea kushindwa kwake. Jytte, mke wangu, ameuliza siagi yote hiyo kwenye friji ni ya nani. Nimemwambia ni ya sayansi.

Ijumaa, Machi 8

IMERUDI!

Nilipaka mikate tangu alfajiri, siagi nene kuliko ya safari ile, kwa sababu Gerda alisema ilimkumbusha bibi yake. Halafu moja kwa moja kwenye sinia, Tove akiwa bado anatafuta jemu. Nundu kubwa! Imeshiba! Nimemvuta Gerda kwa mkono wa koti akaione. Kaitazama, kavua miwani, kaivaa tena. Akasema nikiitoa Ijumaa ijayo mbele ya maabara nzima, Bergen ni yangu.

Nimejaribu suti. Haifungi. Nitapunguza kula, isipokuwa siku za Ijumaa.

Jumanne, Machi 12

Leo nundu haikutokea. Sina wasiwasi. Nimegundua sheria yenyewe: inatokea Ijumaa tu! Nadhani ni lifti. Ijumaa watu huwahi nyumbani, lifti inatulia, jengo halitetemeki, molekuli zinapata nafasi ya kusikilizana. Nimemweleza Tove, kwa ukarimu tu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akanitazama kwa huruma, jambo linaloniudhi kuliko kicheko.

"Preben, ndugu yangu," akasema, "hebu jiulize. Ijumaa unafanya nini ambacho siku nyingine hufanyi?"

Nikafikiri kwa makini. Nikamjibu kwamba Ijumaa huwa nina furaha.

Akachukua kikombe chake, akaenda zake. Nimemshinda kwa hoja.

Ijumaa, Machi 15

Nisiandike mengi.

Gerda alikula mpaka akalegeza mkanda. Baada ya chai wote wakanifuata chini, wengine bado wanatafuna. Nikajaza maji, nikapangusa ukingo wa sinia kwa kidole changu mwenyewe, kwa madaha. Nikainua sindano ya mafuta. Gerda akanizuia.

"Kwanza bana maji matupu, tuone."

Nikasema hakuna haja. Akasema Bergen kuna watu watakaoniuliza swali hilo kabla sijavua koti. Nikatazama saa. Nikatazama mlango. Tove alikuwa ameuegemea.

Nikabana. Maji matupu. Hakuna dawa, hakuna mafuta, hakuna kitu. Na nundu ikapanda!

Kwa sekunde moja nilifurahi. Kisha nikaona nyuso za watu. Tove akaja, akanishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ukang'aa. Nikasikia mtu nyuma akisema polepole, "Siagi ya meno." Chumba kizima kikalipuka. Gerda alicheka mpaka machozi, akasema ni mara yake ya kwanza kuona kifungua kinywa kikipimwa kwa usahihi namna ile. Dawa yangu, ikawa wazi, haijapenya popote.

Bergen ni ya Tove. Inauma, sitaficha. Nilikuwa nimeshachagua hata tai. Jioni Tove alikuja mezani kwangu na mkate wa mwisho, akaukata katikati, akanipa kipande kikubwa. Nilitegemea anicheke. Akasema tu kwamba dawa isiyopenya nayo ni habari, niiandike vizuri, yeye ataitaja Bergen pamoja na jina langu. Halafu akanikumbusha kuwa zamu za mikate bado ni zangu mpaka kiangazi, nilijitolea mbele ya mashahidi. Tukala. Siagi ile, tuseme ukweli, ni nzuri sana. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi, sijui kwa nini.

Jumatatu, Machi 18

Mimi ni mtu mpya. Siagi marufuku mpaka Ijumaa. Mwishoni mwa wiki nimeosha mikono kwa sabuni na maji ya moto tangu asubuhi hadi jioni, mpaka vidole vikapasuka. Jytte akanihurumia, akaninunulia krimu ya mikono, nzito, ya mafuta ya manyoya ya kondoo. Inanukia vizuri. Nimejipaka nyumbani. Nimejipaka juu ya baiskeli kwenye kila taa nyekundu. Nimejipaka mlangoni pa maabara. Hata glavu nilijaribu, maana nilimwahidi Tove, lakini vidole viliteleza mno, hazikuingia.

Nikapangusa ukingo. Nikadondosha mafuta na dawa. Nikabana.

NUNDU! Nundu ya Jumatatu! Kubwa kuliko zote! Na hakuna chembe ya siagi katika jengo zima, friji nimeikagua mwenyewe. Kwa hiyo siagi ilisingiziwa! Dawa inapenya! Nilikuwa sahihi tangu mwanzo!

Tove alipita na kikombe chake, akauliza kama nimebana maji matupu kwanza. Nimemwambia leo hakuna muda wa michezo. Gerda yuko ofisini, na tiketi ya Bergen bado haijakatwa.

Nimejipaka kidogo tena kabla ya kupanda ngazi. Nataka nikimpa Gerda mkono, auone ulivyo laini.