Radhi Nilizoandika kwa Niaba ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Sijawahi kumwambia mtu yeyote hili: kaka yangu si mhandisi. Hajajenga daraja hata moja. Madaraja yote nimeyajenga mimi, kwenye meza ya jikoni, kwa maneno.

Ilianza miaka miwili iliyopita, baba alipopata mtoto wa jicho. Simu ni yake, kusoma ni kazi yangu; kuzungumza kwa simu hataki, husema neno lisiloandikwa halina uzito. Kaka akiandika "Salamu, nipo", mimi nasoma, "Mpendwa baba, natumaini nyote hamjambo." Salamu zimemuua nani? Kisha ukaja ule ujumbe mrefu. Kaka ameacha chuo. Ananyoa watu nywele. Anaipenda kazi, na anaomba radhi za baba. Baba alikuwa amekaa mbele yangu, sikio limeelekea kwangu. Nikasoma kwamba kaka amefaulu hesabu. Baba akaniambia nimjibu azidi kukazana. Nikaandika: "Nimekuelewa, mwanangu. Una radhi zangu zote."

Uongo mmoja huku, mmoja kule, na amani katikati. Nilijiona balozi.

Leo wakati wa chakula baba ametangaza mambo mawili. Jumatano anafanyiwa upasuaji wa macho. Jumamosi anaagwa kazini, baada ya miaka thelathini na miwili ya kukagua mizani. Ofisini kwao anayestaafu husimama akawataja wanawe mmoja mmoja, na kazi zao. Akaniuliza daraja la kaka lina urefu gani, na hataki makadirio. Nikasema mita mia moja na arobaini. Akauliza lina nguzo ngapi. Nikainuka kuchota maji.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza. Nimemshauri baba aseme tu kwamba wanawe wote wanaendelea vizuri. Amesema hiyo ni hotuba ya mtu aliyefuga kuku. Huyu ni mtu aliyewahi kumfungia muuza sukari duka kwa gramu tano. Amenituma nitafute jina la mto.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa pili: kufuta ujumbe wote baba akiwa chumba cha upasuaji. Mama ameitia simu kwenye mkoba, na mkoba ameukalia. Daktari amesema mgonjwa asiguse simu hadi Jumamosi jioni, na mama humtii daktari kuliko daktari anavyojitii mwenyewe.

Dada mkubwa amefika kutoka kwake kwa ajili ya sherehe. Ameniuliza mbona natoka jasho kuliko mgonjwa. Nikajibu ni huruma. Akasema huruma haina mikono. Alikuwa ameshaniona nikivuta mkoba chini ya mama.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa tatu: kaka asije. Nimeazima simu ya dada kwa kisingizio cha kazi ya shule, nikamwandikia kaka kwamba nyumbani kuna ugonjwa wa kuambukiza. Sikuwa nimeiweka chini simu ikalia. Dada akaichukua mkononi mwangu. Kaka alitaka kujua ni ugonjwa gani. Dada akanitazama, akamjibu ni ugonjwa wa kusoma vitabu kupita kiasi, na kwamba yeye aje tu.

Anakuja Jumamosi asubuhi. Anataka kumnyoa mzee kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kuagwa. Dada akashangaa: mhandisi na mashine ya kunyolea wapi na wapi? Nikamweleza kwamba wahandisi wana mikono mizuri. Akaendelea kukunja nguo. "Kamusi," akasema, maana ndivyo wanavyoniita, "siku ukikamatwa, mimi usinitaje."

Ijumaa, 7 Juni

Bandeji imetolewa. Baba anaona. Amesoma kalenda, amesoma chupa ya dawa, amesoma tangazo la chumba cha kupanga kwenye ukuta wa jirani. Kisha akanisoma mimi. Akasema kumbe nimekuwa mtu mzima, na yeye hakuwa na habari.

Nilitamani kulia. Akasema kesho, akitoka kuagwa, atazisoma barua za kaka mwenyewe, tangu ya kwanza, taratibu, kama mtu anayetafuna muwa. Hapo ndipo ningesema. Nikafungua kinywa. Kilichotoka ni: "Utaupenda mwandiko."

Simu haina mwandiko.

Jumamosi, 8 Juni

Kaka amefika saa mbili na kisanduku cha mashine, taulo begani. Akamkalisha baba uani. Baba akacheka, akasema nchi ina bahati kuwa na mhandisi anayejua kunyoa. Mashine ilikuwa imeshapita upande wa kushoto.

Kaka akaizima. Akauliza, mhandisi gani tena, mzee, na radhi umenipa mwenyewe?

Mama akanitazama. Dada alikuwa akinitazama tangu mapema.

Baba akaomba simu. Mama akasema daktari. Baba akarudia, simu. Akasoma yote, kidole kikishuka mstari kwa mstari, nusu ya kichwa ina nywele na nusu inang'aa, na saa moja tu imebaki kabla ya sherehe. Akafika kwenye radhi. Kidole kikasimama hapo. Kaka akasema polepole kwamba siku alizokosa wateja alikuwa akiyasoma maneno yale, na kama si ya baba, basi aambiwe, atafungasha vitu vyake aondoke.

Baba akayasoma tena, neno kwa neno. Mwishowe akasema: "Haya sikuyaandika mimi. Lakini nimeyapima. Uzito wake ni sawa." Akampa kaka kichwa upande wa kulia.

Kwangu akageuka baadaye. Akasema mfanyabiashara mwenye mawe ya uongo hasamehewi kwa sababu wateja walikuwa wakicheka. Ananyang'anywa mizani. Nisiguse simu yake mwezi mzima. Nikasema ndiyo baba, nimejifunza.

Kwenye sherehe alisimama, akamtaja dada, akanitaja mimi bila sifa yoyote. Kisha akasema mwanawe wa kiume ni kinyozi, na asiyeamini aje aangalie. Akainamisha kichwa. Ofisi nzima ikapiga makofi. Kaka alijipangusa uso kwa taulo.

Jumapili, 9 Juni

Kaka na dada wameondoka. Simu haijanyamaza tangu alfajiri; ndugu wote wanataka kujua mambo yalikuwaje. Macho ya baba yamechoka, na mama huandika herufi moja kwa dakika. Baba akaniita. Akasema ni leo tu, neno kwa neno, ujumbe mmoja kwa ukoo wote. Akanitajia mistari minne: ameagwa salama, macho yanaona, dada hajambo, kaka ni kinyozi. Akalala kabla sijamsomea.

Nikausoma peke yangu. Ulikuwa mfupi. Ulikuwa mkavu. Shangazi angeuliza, kinyozi wa wapi, chini ya mti?

Nikaongeza kwamba kaka ana saluni tatu na wafanyakazi wanane. Nikatuma. Nikairudisha simu karibu na mto wa baba, nikaenda kuosha vyombo.